Gari Lililokuwa Asubuhi Mwaka Mzima

Siku tuliyomzika mama mkwe wangu, Auntie Njoki alipewa maikrofoni akaniaibisha tena, mara hii kwa upendo. Nilikuwa nimeketi chini ya hema, safu ya nyuma kabisa, mahali wanapoketishwa watu ambao familia haijui iwaweke wapi: mke aliyeondoka lakini mwenye mtoto wao. Shiru, binti yangu, ambaye siku hizi anasoma na anasikia kila kitu, alikuwa ameniegemea akila mkate. Auntie Njoki akasema marehemu dada yake alikuwa mtu wa kusamehe, na hakuwa anaongea hewani, alikuwa na shahidi. "Mama Shiru yuko pale nyuma. Mama Shiru, hebu simama watu wakuone. Huyu aliteleza, jameni, si sote huteleza? Lakini dada yangu hakumfukuza. Alimsamehe, na wakakunywa chai pamoja." Watu wakaitikia amina. Nami nikasimama. Hilo ndilo linalonichoma hata ninapoandika haya: niliambiwa simama, nikasimama, nikavuta sketi yangu vizuri na kuinamisha kichwa kama mtu anayeshukuru. Nilipoketi, Shiru akaniuliza kwa ile sauti yake isiyojua kunong'ona, "Mami, uliteleza wapi?"

Sikuteleza popote. Gari ndilo lililokuwa gonjwa. Na kwa kuwa nilishindwa kulisema hilo mbele ya kaburi, nitalisema hapa lote, hata kama linanivua nguo.

Mwaka huo Shiru alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Tuliishi Elburgon, nyuma ya karakana ya mbao ambako mume wangu, Baba Shiru, alikuwa akinunua na kuuza mbao. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili, ya mbao, na ilinuka vumbi la msumeno na utomvu mpaka ndani ya unga. Ya mama yake ilikuwa hatua chache tu, ya mawe, na jikoni mwake ndimo moto ulimowaka kutwa. Mimi nilimwita Cucu, yaani nyanya, kama mtoto wangu alivyomwita. Asiyeijua Elburgon asidhani Kenya yote ni jua. Mwezi wa saba ukungu unashuka kutoka msituni na kukaa barabarani hadi watu wamalize chai ya saa nne, na mbwa wanalala kwenye jivu. Kumbuka baridi hiyo, maana kesi yangu yote ilikuwa ndani yake.

Baba Shiru alinunua gari dogo jeupe la kubeba mizigo, aina ile ambayo nchi hii inabebea kila kitu kuanzia miraa hadi maiti. Lilikuwa la petroli na lilikuwa zuri, nisiseme uongo. Wiki za kwanza lilikwenda kama maji. Halafu siku moja, akipanda kutoka Njoro na mzigo, likachemka, mvuke ukatoka mbele kama birika. Akalivuta hadi uani, akamwita Fundi Karis, rafiki yake wa tangu shule, ambaye gereji yake ilikuwa popote gari lilipolala. Niliwapelekea githeri nikiwa nimembeba mtoto, nikasimama nikiangalia. Karis alikuwa amefunga mpira mpya wa kupitisha maji, maana ule wa zamani ulikuwa umepasuka. Kwa akili yangu ndogo nilidhani kazi imeisha. Lakini aliendelea kufungua, akatoa kitu kidogo cha duara, cha shaba na chuma chenye springi, saizi ya vifuniko viwili vya soda hivi, akakiinua juu.

"Unaona hii, Baba Shiru? Hii inaitwa thamostati. Hii ndio hufunga maji isizunguke. Hii ni kitu ya wazungu, kwao kuna theluji. Huku Afrika ni ya nini? Tunatoa. Gari haitawahi chemka tena."

"Toa kabisa," mume wangu akasema. "Na uitupe."

Karis akaitupa kwenye vumbi la mbao. Huku Afrika! Alikuwa amevaa makoti mawili na kofia ya sufu iliyofunika masikio. Nilicheka moyoni lakini sikusema kitu, kwa sababu mwanamke akiongea mbele ya boneti iliyofunguliwa, wanaume wanamtazama kana kwamba kuku amesalimia. Jioni hiyo Shiru alikiokota kile kidude, akakipenda, kikawa kichezeo chake. Alikitafuna, akakipiga kwenye sufuria, akaniangushia mguuni. Kilikaa nyumbani kwetu mwaka mzima, kwenye kopo la vichezeo, na hakuna aliyekiuliza swali.

Kuanzia hapo mshale wa joto kwenye dashibodi ulilala chini na haukuamka tena. Baba Shiru aliwaonyesha watu, akijisifu. "Angalia hiyo mshale. Hata nikipanda mlima na mbao, haisongi. Injini yangu ni baridi kama soda." Na watu wakamsifu Karis. Mimi ndiye niliyeendesha gari siku za kazi. Nilikuwa nakusanya minji na mayai kwa wakulima wa juu, napeleka kwenye mikahawa ya Nakuru, nikimfunga Shiru kwenye kiti kwa shali mbili, maana hita ilipuliza hewa ya baridi tupu. Nilidhani hita imekufa tu kama vitu vingine vya magari ya mitumba vinavyokufa. Ninapofikiria sasa, dalili zote zilikuwa mbele ya macho yangu kila asubuhi: mshale chini, hita baridi, mtoto makamasi. Lakini nani angeniambia kwamba baridi ya miguu yangu na njaa ya gari ni ugonjwa mmoja?

Maana gari lilianza kula. Lilikunywa petroli kama mlevi wa harusi. Na halikunywa kimya kimya; likisimama kwenye foleni lilitetemeka hadi trei za mayai zikagongana, lilikohoa nikikanyaga mafuta, na nyuma lilitoa moshi mweusi wenye harufu ya petroli mbichi. Askari wa lango la mkahawa mmoja Nakuru alikuwa akiniona tu anaanza. "Madam, hiyo gari iko na malaria. Ipeleke kliniki, isituambukize." Wapishi wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, uso ukiwaka. Nilikuwa naegesha mbali na kubeba trei kwa mkono, wasilisikie likikohoa. Ndiyo, nililionea gari haya kama mtu anavyomwonea haya baba mlevi.

Karis alibadilisha plagi. Zile za zamani zilitoka nyeusi, zimefunikwa masizi kama chungu cha nje. Baada ya muda mfupi zile mpya nazo zikawa hivyo hivyo. Akapuliza chujio cha hewa, akasema petroli ya Nakuru imechanganywa na mafuta ya taa, akasafisha hiki, akakaza kile. Alipoishiwa na vitu vya kulaumu akajifuta mikono na kusema, huku akiniangalia mimi na si injini, "Gari ni mzima, Baba Shiru. Labda uulize inazungushwa wapi."

Hapo ndipo petroli ilipoacha kuwa petroli. Mume wangu alianza kuingia garini kila jioni kabla ya kunisalimia, anawasha, anatazama mshale wa mafuta, kisha anakuja mezani. "Mafuta imeenda wapi, Mama Shiru?" Namwambia Nakuru. "Nakuru najua. Baada ya Nakuru?" Yeye akiliendesha Jumapili na mafuta yakashuka, ilikuwa ni mlima. Mimi nikiliendesha, ilikuwa ni mwanamume. Alinunua kifuniko cha tangi chenye kufuli, ufunguo akauvaa shingoni. Alianza kunusa viti. Na Cucu, akimenya viazi mlangoni pake, alisema kwa sauti ambayo haikunilenga lakini ilinifikia, "Petroli haipandi mbinguni. Na gari haijiendeshi Salgaa." Salgaa ni kule malori ya safari ndefu yanakolala, kwenye barabara kuu ya Eldoret, na mwanamke akitajwa pamoja na jina hilo hahitaji tena kutajwa na lingine. Mimi sijawahi kushuka Salgaa hata kununua maji. Lakini neno lilishatoka. Kanisani nikapewa nafasi kubwa zaidi kwenye benchi.

Mwishowe waliitana. Kwao jambo kama hilo linazungumzwa kikaoni, kwenye sebule ya mama, Jumamosi baada ya chakula cha mchana, na chai hainywewi mpaka jambo liishe. Na mpishi wa chai ni mwanamke wa boma. Yaani mimi. Niliwapikia chai watu waliokuja kunihukumu. Nilichemsha maziwa, nikapanga nduma na mkate kwenye sinia, nikasikia kupitia ukuta wa jikoni Karis akiapa kwamba injini haina shida, mzee wa kanisa akisema "tusiharakishe," na Cucu akisema, "Mimi sitaki maneno mengi. Aseme tu ameacha." Auntie Njoki alikuja jikoni kuchukua vikombe. Hakuwa mbaya, hata sasa siwezi kusema alikuwa mbaya. Akanishika kiwiko, akaninong'oneza:

"Omba tu msamaha, mama. Iishe."

"Msamaha wa nini, Auntie? Sijafanya kitu."

"Na nani amesema umefanya? Mimi mwenyewe niliomba wangu, wa maziwa ya ng'ombe, na ng'ombe ndio ilikuwa mgonjwa. Utalala wapi leo na mtoto na hii mvua? Ingia, sema nisameheni, mpatie Cucu kikombe na mikono mbili. Dakika moja."

Nje mvua ilipiga mabati. Shiru alikuwa amelala mgongoni, mzito, akinipumulia shingoni. Niliingia. Sebule ilikuwa na vitambaa vyeupe kwenye kila kiti na watu walikuwa wameketi juu yake wima, kama picha. Nilikuwa nimepanga maneno, niwaambie twendeni wote garini tulijaze pamoja tuliendeshe pamoja, tuone. Sikuyasema. Ilitoka sauti ya mtoto wa nasari: "Nisameheni. Sitarudia." Hata Auntie hakuwa ameniambia hilo la pili, nililiongeza mwenyewe, kama mtu anayetoa chenji. Nikapiga magoti, nikampa Cucu kikombe kwa mikono miwili. Akanywa. Wote wakanywa. Mzee akaomba, na Baba Shiru, ambaye muda wote alikuwa akitazama zulia, akapumua kama aliyetuliwa gunia. Nikajiambia ni maneno tu. Niko na kidato cha nne mimi, na nilijiambia hivyo.

Msamaha haukupunguza kiu ya gari, bila shaka. Wiki iliyofuata lilizimika Nakuru, karibu na mzunguko, na vijana wakalisukuma hadi gereji moja ya pale. Mwenyewe alikuwa jamaa mmoja mnene wa majivuno, Oti, mwenye miwani ya jua akiwa chini ya kivuli. Alichomeka kompyuta yake chini ya usukani na kunitangazia bei kabla ya kunisalimia. Kisha akawasha injini, akaiacha ikitetemeka, akala mahindi choma nusu nzima huku akitazama skrini. Nikamwambia tangu mwanzo: plagi zinakuwa nyeusi, moshi, petroli haikai.

"Na hita?"

"Hita imekufa."

"Haijakufa. Inakupulizia kile iko nacho." Akanigeuzia skrini. "Soma hapo. Nimengurumisha hii injini mpaka majirani wamelalamika, na bado maji iko vuguvugu ya kuogesha mtoto. Sikiza, mathe. Injini ya petroli asubuhi ikiwa baridi, kompyuta huimwagia mafuta mingi ndio iamke. Ikishapata joto, inapunguza. Sasa yako haijawahi pata joto. Kompyuta inangoja, inamwaga. Inangoja, inamwaga. Gari yako imekuwa asubuhi mwaka mzima! Nani alitoa thamostati?"

Akaingia stoo, akatoka na mpya mkononi, akaniwekea kiganjani. Nilijua uzito wake kabla ya kuiangalia. Kidole changu cha mguu kiliijua. Nilikaa kwenye tairi kuukuu, nikalia mbele ya mafundi, na Oti akavua miwani kwa mara ya kwanza. "Si bei imekushtua? Tunaweza ongea."

Niliendesha kurudi nyumbani na thamostati mpya. Pale baada ya Njoro, barabara inapoanza kupanda, mshale ulipanda nao hadi katikati, ukatulia. Gari likaacha kutetemeka. Kisha kitu kikanigusa miguu, nikaruka nikidhani ni panya. Ilikuwa hewa ya moto. Shiru akajivua shali mwenyewe. Mwaka mzima, na hakuna kilichohitajika ila mtu kuuliza kuhusu hita.

Sikupitia nyumbani kwangu ila kuchukua kopo la vichezeo. Cucu alikuwa jikoni, na Baba Shiru ameketi kwenye kigoda akingoja chai. Nilichukua sufuria ndogo, nikatia maji, nikaitumbukiza thamostati ile kuukuu, yenye alama za meno ya mtoto, nikaiweka motoni. Nadhani walidhani nimerukwa na akili. "Angalieni," nikasema. Maji yakaanza kutoa viputo, na kile kidude, taratibu, kikafunguka. Kikafungua mdomo wake chini ya maji, kizima kabisa, hakijawahi kuwa na kosa lolote. Nikakitoa kwa kijiko, nikakiweka mezani, kikapoa, kikajifunga. Nikawaeleza yote: baridi, kompyuta, plagi, hita. Nikamwambia mume wangu atoke akaguse hewa ya gari lake. Alitoka. Nilimsikia akiwasha, nikamsikia akikaa humo muda mrefu. Alirudi na hakuniangalia. Akasema, "Karis ni mjinga sana," akainama kufunga kamba za viatu.

Nilimgeukia Cucu. Nilikuwa nangoja. Aibu kubwa ya mwaka ule haiko sebuleni, iko hapa: kwamba nilisimama jikoni mwa mwanamke yule nikingoja, kama mtoto aliyepata namba moja, aniambie pole. Aliitazama thamostati, akanitazama mimi, na hakuwa na hasira hata kidogo.

"Hiyo ya gari nimesikia," akasema. "Lakini kama hukuwa umefanya kitu, ulituomba msamaha wa nini?"

Njia zote za kujitetea nilikuwa nimezifunga mwenyewe kwa magoti yangu mawili na kikombe kimoja. Gari lilirudi kula kama magari mengine, na mafuta yakakaa wiki nzima, na mtaa ukasema: mnaona? Tangu aonywe, ametulia. Nilivumilia hadi mvua za mwisho wa mwaka, kisha nikafunga virago na kopo la vichezeo, nikashuka Nakuru na mtoto wangu, na hiyo nayo wakaihesabu kama ushahidi.

Ndiyo maana baada ya mazishi nilitaka kuondoka haraka. Lakini mvua ilianza, na Baba Shiru akaja na mwavuli, mpole kama wafiwa wote, akasema atatupeleka stejini. Ana gari lingine sasa, la aina ileile, la rangi ya fedha. Ana mke mwingine pia, Mercy, msichana wa uso mviringo aliyenisalimia kwa heshima hadi nikaona haya. Aliketi mbele na mtoto mchanga ndani ya blanketi tatu. Mimi na Shiru nyuma. Hata kabla hatujafika lami nilikuwa nimelisikia: ule mtetemo, kwenye uti wa mgongo, kama sauti ya mtu unayemjua. Nikachungulia katikati ya viti. Mshale wa joto ulikuwa umelala chini kabisa.

Baba Shiru alisimama kwenye kituo cha petroli. "Mercy, si nilijaza juzi tu? Mafuta imeenda wapi?" Alisema bila ukali, kama mtu anayeuliza saa, akashuka kuongea na kijana wa pampu. Mercy akainamia blanketi. Aligusa kitufe cha hita, akaona namwangalia, akacheka kidogo. "Hii ni ya urembo tu. Haijawahi fanya kazi."

"Nani fundi wake?" nikamwuliza, ingawa nilijua.

"Karis."

Kwa hivyo alijua. Mume wangu alikaa ndani ya ile hewa ya moto, akaigusa kwa mkono wake, na bado akamrudia Karis. Kukubali ukweli wa gari kungemlazimu akubali kwamba mimi sikuwa na kosa, na hilo hakulitaka.

"Amekuuliza mafuta mara ngapi?"

Wiper zilipita, zikarudi. "Wamesema mazishi ikiisha tutakaa kama familia. Auntie Njoki ananiambia niombe tu msamaha, iishe. Eti hata wewe uliomba." Akageuka kuniangalia, na macho yake hayakuwa yakinidharau. Yalikuwa yakiniuliza ilikuwaje.

Nikamwambia. Si yote, muda ulikuwa mfupi; nilimwambia hita, mshale, thamostati, na jina la gereji ya Oti. Nikamwambia amchukue mtoto alipeleke gari mwenyewe kesho asubuhi, kabla ya kikao. Shiru alikuwa akisikiliza kila neno, mdomo wazi, nami nikamwacha asikilize. Kisha nikamwuliza Mercy chai ya kikao itapikwa na nani.

"Mimi," akasema. "Nani mwingine?"

"Usipike."

Mlango ukafunguka, baridi ikaingia, Baba Shiru akaketi akipangusa mvua usoni. Aliwasha gari, likakohoa, likatutikisa sote pamoja. "Mnaongea nini nyinyi?" akauliza, akitutafuta kwenye kioo.

Nilifungua mdomo, na yule mtoto wa nasari alikuwa tayari anakuja kusema hakuna kitu. Lakini Mercy alinitangulia. Alinyoosha kidole kwenye dashibodi, pale chini mshale ulipolala.

"Baba," akasema, "hii haipandi. Kwa nini?"